Treni ya mtoto imekataa kutembea: jinsi ya kutengeneza bodi yake

Wiki mbili baada ya Idi maswali huanza kumiminika, na huwa ni yale yale. "Inawaka taa lakini haitembei." "Inapiga honi, ikianza kwenda inazima." "Niliiweka kabatini na betri zake, sasa haisemi kitu." Halafu wote humalizia kwa neno moja: bodi imeungua, nyingine itapatikana wapi?

Mara nyingi bodi, yaani kile kibao kidogo chenye njia za umeme, haijaungua. Treni hizi zinatumia volti 3 au 4.5, na kinachoziangusha hapa Mombasa ni hewa ya chumvi, unyevu wa masika na betri zilizovuja ndani ya kisanduku chake. Hayo yote yanatibika kwa siki, mswaki na lehemu kidogo, ila ujue pa kuangalia. Kosa kubwa la anayeanza ni kuwasha pasi ya lehemu kabla hajapima chochote. Anachoma kiungo kizuri, anang'oa shaba ya bodi, na tatizo la awali bado liko palepale kwenye springi ya betri.

Mwongozo huu ni wa treni ya plastiki ya betri, yenye mota moja, taa, spika na bodi ndogo isiyozidi kisanduku cha kiberiti. Zile zinazopata umeme kutoka kwenye reli au adapta zina maneno yake machache mwishoni.

Andaa hivi kwanza

- Bisibisi ndogo za nyota, PH0 na PH00. Treni nyingine zina skrubu za kichwa cha pembetatu. Hizo zina bisibisi yake, usizilazimishe kwa kisu.
- Multimita ya dijitali. Ya bei ya chini inatosha, mradi ipime volti za DC, ohmu, dayodi na iwe na sehemu ya mlio. Kama huna mita, ngoja uipate ndipo uanze.
- Pasi ya lehemu ya wati 30 hadi 40 yenye ncha nyembamba. Ukiwa na ya kurekebisha joto, iweke nyuzi 320 hadi 350.
- Waya wa lehemu, au risasi kama mafundi wengi wanavyoiita, aina ya 60/40, unene wa milimita 0.8, wenye fluksi (dawa inayosaidia lehemu kushika) ndani yake.
- Kikopo kidogo cha fluksi ya ulimbo. Ile fluksi ya asidi ya mafundi bomba usiisogeze karibu na bodi, itaendelea kula shaba hata baada ya kumaliza kazi.
- Utepe wa shaba wa kufyonza lehemu.
- Siki nyeupe, soda ya kuokea, mswaki mkuukuu, pamba za masikio na spiriti. Isopropili ya asilimia 99 ndiyo bora. Ya asilimia 70 inafaa pia, lakini ina maji, kwa hiyo ukaushaji wake ni mrefu.
- Msasa laini, namba 400.
- Waya mwembamba laini wa rangi mbili. Kebo ya chaja ya simu iliyokufa ina waya mwekundu na mweusi unaofaa sana.
- Vipuri: transista SS8050 mbili au tatu, kapasita za kauri zilizoandikwa 104, kapasita ya mikrofaradi 100 ya volti 16, resista za ohmu 100, dayodi 1N4007 na swichi ndogo ya kutelezesha.

Toi zilizokufa usizitupe. Treni mbovu ya mitumba ukiipata Kongowea kwa bei ya kutupa itakupa mota, gia, swichi, spika na springi, vitu ambavyo kuvitafuta kimoja kimoja madukani ni kazi.

Usalama, kwa ufupi lakini kwa makini

Fanyia kazi mahali ambapo mtoto hafiki. Lehemu ya 60/40 ina madini ya risasi, kwa hiyo usiitumie juu ya meza ya chakula, fungua dirisha, na unawe mikono kwa sabuni ukimaliza. Betri bapa za vifungo, kama zile za rimoti, ni hatari kuliko kitu kingine chochote hapa: mtoto akiimeza inaweza kuunguza koo lake ndani ya saa mbili. Ukishuku tu kwamba amemeza, nenda hospitali hapo hapo, usingoje dalili. Na kama treni ina betri ya kuchaji ya lithiamu iliyovimba, usiitoboe, usiichaji, na usilehemu juu yake.

Hatua za kazi

1. Toa betri usome maandishi yake. Hatua hii wengi huiruka, nayo ndiyo inayokuambia usafishe kwa dawa gani. Betri iliyoandikwa LR6 ni alkali. Iliyoandikwa R6 bila L ni ya zinki na kaboni, zile za bei nafuu za dukani mtaani. Kwa saizi ndogo ni LR03 na R03. Zote huvuja, lakini uchafu wa alkali unatibiwa kwa siki, na ule wa zinki na kaboni ni wa asidi, unatibiwa kwa soda ya kuokea. Ukipaka siki kwenye asidi utakuwa unaongeza asidi juu ya asidi.

2. Jaribu kwa betri mpya kabla ya kufungua. Betri mpya ya AA isome volti 1.5 hadi 1.6. Kisha washa treni na upime tena ikiwa inafanya kazi, maana betri iliyolala hudanganya: inasoma 1.4, ukiibebesha mota inaanguka hadi 0.9. Betri mbili mpya zikiwa kazini zisishuke chini ya 2.6 kwa jumla. Kama umeweka za kuchaji za NiMH, kumbuka kila moja ni volti 1.2, hivyo mbili ni 2.4 tu, na bodi nyingine hazipendi hali hiyo.

3. Fungua na upige picha. Skrubu huwa 4 hadi 8, na moja hujificha chini ya stika au ndani ya kisanduku cha betri. Ganda likigoma, kuna skrubu hujaiona. Usilibandue kwa nguvu. Likifunguka, lifungue kama kitabu, taratibu, kwa sababu waya za spika na taa ni fupi na zimeshikwa na lehemu kiduchu. Piga picha kila waya na rangi yake kabla hujagusa kitu. Viwanda havifuati rangi moja. Utakuta waya mweusi umewekwa kwenye chanya.

4. Safisha palipovuja. Tumbukiza pamba ya masikio kwenye siki (kama ni alkali), sugua unga mweupe hadi uache kutoa povu, kisha futa kwa pamba yenye maji, halafu kwa spiriti. Kwa betri za R6, changanya soda ya kuokea na maji yawe uji mzito, paka, ngoja dakika chache, futa vivyo hivyo. Siki na uji visifike kwenye mota wala kwenye karatasi ya spika. Springi iliyoota kutu isugue kwa msasa mpaka chuma king'ae. Ikikatika, weka nyingine.

Kisha kata waya uliounganishwa na springi milimita 5 kutoka mwisho na uvue ganda lake. Shaba ikiwa nyeusi au ya kijani, lehemu haitashika hata ukiichoma mpaka usiku. Kata tena, na tena, mpaka uone shaba nyekundu inayong'aa. Majimaji ya betri hupanda ndani ya ganda la waya kama mafuta ya taa yanavyopanda utambi, na tumekuta waya ulioliwa sentimita 4 huku kwa nje ukionekana mpya. Waya wote ukiwa mweusi, badilisha wote. Usiunge.

5. Angalia bodi kwa macho, kwenye mwanga wa dirisha. Iinamishe huku na huku. Tazama miguu ya swichi na mahali waya za betri na mota zinapoingia, kwa kuwa hapo ndipo mtoto anaposukuma na kuvuta kila siku. Kiungo kizuri kinang'aa na kimeshuka kama kichuguu kidogo chenye mteremko. Kibovu kina duara jembamba jeusi, kama unywele, kuzunguka mguu. Duara hilo ni ufa: treni itafanya kazi ukiibonyeza na itakufa ukiiachilia. Angalia pia kapasita yenye kichwa kilichovimba, njia ya shaba iliyogeuka kijani, na transista yenye tundu au harufu ya kuungua.

Viungo vyenye duara vitibu sasa. Paka fluksi, gusisha ncha ya pasi kwenye mguu na shaba kwa pamoja, ongeza lehemu kidogo, ondoa. Sekunde 2 au 3 zinatosha. Bodi za kahawia, ambazo ndizo nyingi kwenye toi, shaba yake imebandikwa kwa gundi dhaifu, na ukikaa sekunde 8 itainuka kama ganda la kitunguu. Ikishainuka, kwangua rangi ya juu ya njia ile ile umbali wa milimita 3, na uunge kwa uzi mmoja wa waya.

6. Fuata umeme kutoka betri hadi bodi. Hii ndiyo roho ya kazi. Weka betri, washa treni, mita iwe kwenye volti 20 za DC. Kijiti cheusi kishike upande hasi wa betri yenyewe na kisiondoke hapo. Kijiti chekundu kitembeze hivi:

a) kichwa cha chanya cha betri;
b) kisahani au springi kinachogusana na kichwa hicho;
c) kiungo cha waya nyuma ya kisahani;
d) mguu wa swichi unaopokea umeme;
e) mguu wa swichi unaotoa;
f) alama ya + kwenye bodi.

Ukianza na 3.0, uone takriban 3.0 hadi mwisho. Kupungua kwa 0.1 si neno. Pale zinapoanguka kutoka 3.0 kwenda 2.2, au sifuri, ugonjwa uko kati ya sehemu hiyo na ile iliyotangulia. Zikianguka kati ya (a) na (b), ni kutu ya kisahani. Kati ya (d) na (e), ni swichi. Halafu rudia upande wa hasi: kijiti chekundu kwenye chanya ya betri, cheusi kitembee hadi alama ya − ya bodi. Wengi husahau upande huu, na waya wa hasi huliwa sawa na wa chanya.

Kipimo hiki kifanyike treni ikiwa imewashwa. Bila mzigo, yaani mota na taa zikiwa hazivuti umeme, hata uzi mmoja wa shaba uliobaki utaonyesha volti 3 kamili.

Swichi chafu tia tone la spiriti ndani yake, iteleze mara 20, ikauke, upime tena. Isipopona, badilisha.

7. Jaribu mota peke yake. Umeme ukifika kwenye bodi na treni bado haitembei, toa waya mmoja wa mota kwenye bodi, kisha ipe mota volti 3 moja kwa moja kutoka betri mbili. Ikizunguka kwa kasi, mota ni nzima. Ikinguruma bila kuzunguka, fungua sanduku la gia: utakuta nywele, uzi wa zulia au mchanga umejisokota kwenye ekseli. Ikizunguka lakini magurudumu yametulia, angalia ile gia ndogo nyeupe iliyovaa shafti ya mota. Hupasuka kwa ufa mwembamba na kuteleza, na gundi haitaitibu, inataka gia mpya.

Ni vyema pia upime mkondo. Chukua kipande cha karatasi, kichomeke kati ya betri na kisahani chake ili kukata njia, kisha weka kijiti kimoja cha mita upande huu na kingine upande ule, mita ikiwa kwenye ampea 10 na waya wake mwekundu kwenye tundu la ampea. Treni ya betri mbili inayokwenda vizuri kwa kawaida hula miliampea 150 hadi 400. Ikipita ampea 1, kuna kilichokwama au waya zinazogusana. Ukimaliza, rudisha waya mwekundu wa mita kwenye tundu la volti mara moja. Ukiusahau kwenye tundu la ampea kisha ukapima volti, utakuwa umeziunganisha chanya na hasi za betri kwa waya mtupu.

8. Pima transista inayoendesha mota. Rudisha waya wa mota. Kwenye bodi utaona tone jeusi la gundi iliyoganda, mviringo kama kidonge: hiyo ndiyo chipu, inayotoa sauti na amri. Amri yake ni dhaifu, haiwezi kusukuma mota, ndiyo maana kuna transista. Ya miguu mitatu mirefu huandikwa S8050. Ile ndogo bapa iliyobandikwa huandikwa J3Y (S8050) au Y1 (SS8050).

Ukiitazama S8050 ya miguu mirefu upande bapa ukikuelekea na miguu chini, kutoka kushoto ni emita, besi, kolekta. Ile bapa ukiiweka mguu wa pekee juu, huo wa juu ni kolekta, wa chini kushoto ni besi, wa chini kulia ni emita. Kijiti cheusi kiweke kwenye emita, washa treni, subiri wakati inapotakiwa kutembea, usome:

Besi 0.7, kolekta 0.1 hadi 0.3: transista inafanya kazi. Kama mota haizunguki, rudi kwenye waya za mota.

Besi 0.7, kolekta imebaki karibu 3: transista imekufa au kiungo chake kimeachia. Yagusishe upya miguu yake kwa pasi kabla ya kuihukumu.

Besi sifuri wakati wote: amri haifiki. Fuata njia kutoka besi hadi resista yake, kisha hadi kwenye chipu. Resista iliyopasuka hapo ni jambo la kawaida.

Besi sifuri na mota inazunguka bila kukoma: transista imejifunga, kolekta na emita zimekuwa kitu kimoja.

Treni ya kwenda mbele na nyuma ina transista nne, mbili S8050 na mbili S8550 (zile bapa huandikwa 2TY). Huko zibadilishe kwa jozi, usibadilishe moja tu.

9. Badilisha transista. Toa betri. Paka fluksi, weka utepe wa shaba juu ya mguu, bonyeza kwa pasi mpaka lehemu ifyonzwe, mguu mmoja baada ya mwingine. Weka SS8050, inayobeba ampea 1.5. S8050 ya kawaida hubeba nusu ampea tu, na mota iliyokwama inaipita hapo kirahisi. Kama iliyokufa ilikuwa ile bapa na mkono wako haujazoea vitu vidogo hivyo, tumia ya miguu mirefu na uiunge kwa vipande vitatu vya waya mwembamba, halafu uishike kwa gundi ya moto.

Usiweke BC547 kwa sababu tu ndiyo iliyo mkononi. Inabeba miliampea 100, na miguu yake imepangwa kinyume: kolekta iko mahali pa emita. C1815 na C945 nazo zina besi pembeni badala ya katikati. Hapa ndipo watu hubadilisha transista tatu mfululizo na kusema duka linauza bandia.

Transista haifi bila sababu. Kabla ya kufunga, hakikisha gia ni laini, na tazama kama kati ya miguu miwili ya mota kuna kapasita ya 104. Kama haipo au mguu umekatika, weka. Inafyonza cheche za brashi za mota zisirudi kwenye chipu.

10. Chipu ikifa, ipite. Chipu ya chini ya gundi nyeusi haina kipuri na haibadilishwi. Lakini usitupe treni. Toa waya zote mbili za mota kwenye bodi. Mmoja unganisha na hasi ya betri, wa pili unganisha na mguu wa swichi unaotoa umeme. Ikienda kinyumenyume, zibadilishane. Treni ya betri tatu itakwenda kwa kasi mno ikiunganishwa hivi. Weka dayodi 1N4007 kwenye waya wa chanya, mstari wa dayodi ukielekea kwenye mota, na kila dayodi itapunguza takriban volti 0.7. Mbili hutosha. Taa unaweza kuirudisha kwa resista ya ohmu 100. Sauti ndiyo itakayopotea, na mtoto wa miaka minne atakupigia yeye mwenyewe honi kwa mdomo.

11. Kinga bodi, kisha funga. Osha mabaki ya fluksi kwa mswaki na spiriti, uache bodi ikauke kivulini penye upepo angalau saa mbili. Wakati wa masika iache hadi kesho yake. Ikishakauka kabisa, paka rangi ya kucha ile angavu, tabaka moja jembamba, juu ya viungo na njia za shaba. Isiingie ndani ya swichi wala kwenye visahani vya betri. Ukiipaka bodi ikiwa bado na unyevu utaufungia unyevu ndani, na kijani kitaota chini ya rangi. Springi na visahani vipake vaselini kwa ncha ya pamba, utando mwembamba tu.

Jaribu treni kabla ya kurudisha skrubu zote. Kisha zirudishe, na ile ya kifuniko cha betri usiisahau kuliko zote. Hiyo ndiyo inayomzuia mtoto asifikie betri.

Dalili na pa kuanzia

*Kimya kabisa, hakuna taa wala sauti.* Hatua ya 4 na ya 6. Karibu kila mara ni springi, waya wa betri au swichi.

*Sauti inaanza upya kila treni inapoondoka.* Mota inapoanza inavuta mkondo mwingi, volti zinaporomoka, chipu inajizima na kuwaka tena. Anza na betri mpya, kisha tafuta kutu inayozuia umeme (hatua ya 6). Vikiwa sawa, badilisha kapasita ya mikrofaradi 100 iliyo kati ya + na − za bodi. Mstari mweupe wa kapasita uelekee kwenye hasi. Ukiigeuza itavimba.

*Taa na sauti zipo, haitembei.* Mota kwanza (7), transista baadaye (8).

*Inatembea, haina sauti.* Pima spika kwa ohmu: isome karibu 8, na kijiti kikigusa usikie mkwaruzo mdogo. Ikisoma 1 pekee, ambayo kwenye mita nyingi ni alama ya njia iliyokatika wala si ohmu 1, waya umekatika au spika imekufa. Karatasi yake huoza kwa unyevu.

*Inafanya kazi ukiibonyeza tu.* Duara la ufa, hatua ya 5.

*Bodi inapata moto, betri zinaisha kwa saa moja.* Toa betri upesi. Tafuta tone la lehemu lililodondoka kati ya miguu miwili, au transista iliyojifunga.

*Rimoti haiiti treni.* Kama ni ya mwanga usioonekana, ielekeze kwenye kamera ya mbele ya simu na ubonyeze: taa yake ikionekana zambarau kwenye kioo cha simu, rimoti ni nzima na kasoro iko kwenye treni. Isipoonekana, safisha visahani vya betri zake kwanza.

*Ya kuchaji, haiingizi chaji.* Betri ya lithiamu ya volti 3.7 iliyojaa husoma 4.2. Ikisoma chini ya 2.5, ibadilishe. Bodi ya chaji ikiwa imekufa, watu huweka ile ndogo ya TP4056, lakini inavyouzwa huchaji kwa ampea 1, na hiyo ni nyingi mno kwa betri ya miliampea-saa 500. Badilisha resista yake ya kilo-ohmu 1.2 uweke ya kilo-ohmu 5, ichaji kwa miliampea 250.

Treni za reli zenye umeme na adapta

Mitumba inayoteremka bandarini hapa huja na treni nzuri kutoka Japani, na adapta zake ni za volti 100. Stima yetu ni 240. Ukiichomeka, transfoma inaungua, na mara nyingine bodi inakwenda nayo. Soma kwenye lebo neno INPUT. Ikiandikwa 100-240V, chomeka bila wasiwasi. Ikiandikwa 100V au 120V peke yake, iweke kando, na usiifungue, maana ndani yake umeme ni ule wa ukutani. Tafuta adapta nyingine ya 240 ambayo upande wa OUTPUT una volti zile zile, ampea zile zile au zaidi, na mchoro wa + na − wa ncha unaofanana na wa zamani. Kama ya zamani iliandikwa AC kwenye OUTPUT, mpya nayo iwe AC. Kisha, kabla ya kuchomeka treni, ipime ncha hiyo kwa mita.